Kwa Nini Mama Hapasuliwi?



Juma hili nimepokea barua kutoka kwa binti mmoja wa Malindi. Ameniomba nisilitaje jina lake wala la mamake, na hata asingeniomba nisingelitaja. Mamake ana umri wa miaka 58. Kwa muda wa karibu mwaka mzima alikuwa akiona damu kila aendapo haja kubwa, naye akajinyamazia. Maumivu yalipomzidi alimnong'oneza dadake, na dadake akamwambia kuwa hiyo ni bawasiri, akamletea dawa ya kupaka na nyingine ya kunywa. Miezi ikapita. Mwishowe alipelekwa hospitali, akapimwa, akakatwa kinyama kidogo kikapelekwa maabara, na majibu yakarudi: ni saratani ya njia ya haja kubwa.

Daktari amewaeleza kuwa mgonjwa atatibiwa kwa dawa za saratani, zile tuziitazo kemo, pamoja na mionzi, na kwamba hatapasuliwa. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Mjomba mkubwa anasema: "Uvimbe upo na unaonekana. Kwa nini usikatwe ukatupwa? Hawa wanataka kumchoma dada yangu bure na kutumalizia pesa." Khalati anataka mgonjwa apelekwe kwanza kwa mganga wa mitishamba. Mama mwenyewe hasemi neno, ameelekeza uso ukutani. Matibabu yamepangwa kuanza baada ya wiki mbili, na binti anauliza: "Nimsikilize nani?"

Nimeona nimjibu hapa, mbele ya wasomaji wote, kwa sababu maradhi haya huishi kwa kufichwa. Nawaomba akina mama wasomao ukurasa huu wasiugeuze haraka kwa kuona haya. Haya ni pambo la Muislamu, lakini haikuwekwa ili mtu afe nayo. Masahaba wanawake walimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, mambo ya tohara na ya miili yao, wala hawakukemewa. Nasi tuulize.

Kwanza tuyajue maradhi yenyewe. Mwisho wa utumbo mpana upo mfereji mfupi unaotokea nje, wenye misuli inayobana ili mtu aweze kuzuia haja mpaka afike chooni. Ndani yake mfereji huo umefunikwa na utando laini unaofanana na ngozi. Saratani tunayoizungumzia huanzia kwenye utando huo. Si saratani ya kawaida kama ile ya matiti au ya mlango wa kizazi, lakini ipo, na katika nchi nyingi huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Dalili zake ni damu, maumivu, mwasho usiokwisha, hisia ya kitu kilichokwama, kinyama kinachoota, au kubadilika kwa namna ya kwenda haja. Wakati mwingine hutokea mitoki kwenye kinena. Takriban dalili zote hizi hufanana na za bawasiri, na ndiyo maana wagonjwa wengi hupoteza miezi wakijitibu bawasiri ambayo hawana. Damu kutoka sehemu hiyo si jambo la kubahatisha nyumbani. Daktari akitazama na kupima kwa kidole, kazi ya dakika chache, atajua kama pana haja ya kukata kinyama cha kuchunguzwa.

Sasa nirudi kwa mjomba, maana swali lake si la mjinga. Anauliza vile ambavyo madaktari wenyewe walifikiri kwa miaka mingi. Zamani dawa ya saratani hii ilikuwa kisu. Daktari wa upasuaji aliondoa uvimbe, na pamoja nao mfereji wote, misuli yake na sehemu ya utumbo iliyo juu yake. Njia ikafungwa kabisa. Tundu likatobolewa tumboni, na kwa muda wote uliobaki wa maisha yake mgonjwa akawa anatoa choo kupitia hapo na kukipokea katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi. Wapo waliopona kwa njia hiyo, na mfuko si aibu wala si mwisho wa maisha. Lakini ilikuwa gharama kubwa kwa mwili, na wengi hawakupona hata baada ya kuilipa.

Aliyeibadilisha njia hiyo alikuwa yeye mwenyewe daktari wa upasuaji. Jina lake ni Norman Nigro, wa mji wa Detroit, Marekani. Yeye hakukusudia kuliacha kabisa kisu. Alikusudia tu kuupunguza uvimbe kabla ya kuukata, ili upasuaji uwe mwepesi. Kwa hiyo akawapa wagonjwa wake dawa za kemo na mionzi kwa wakati mmoja, kisha akangoja wiki kadhaa. Mwaka 1974 alitoa taarifa ya wagonjwa watatu wa mwanzo. Wawili walipasuliwa, na sehemu iliyotolewa ilipochunguzwa kwa darubini haikuonekana saratani hata kidogo. Wa tatu alikataa kupasuliwa, na maradhi yake nayo yalikuwa yametoweka. Fikirini: watu wawili walitolewa viungo ambavyo tayari vilikuwa vimekwisha kutakasika. Baada ya hapo madaktari walianza kujiuliza swali la mjomba kwa kuligeuza: ikiwa uvimbe umekwisha, twakata nini?

Watatu ni wachache mno kuwa hoja, kwa hiyo jambo hilo likapimwa kwa watu wengi. Uingereza ilifanya utafiti kwa wagonjwa 585, matokeo yakatangazwa mwaka 1996. Nusu yao walipewa mionzi peke yake, nusu wakapewa mionzi pamoja na kemo. Kati ya kila wagonjwa 100 waliopata mionzi peke yake, kwa 59 maradhi hayakudhibitiwa mahali pake. Kwa waliopata vyote viwili, idadi hiyo ilishuka hadi 36. Mwaka 2013 yakatangazwa matokeo ya utafiti mwingine wa huko huko wa wagonjwa 940, waliopewa matibabu haya ya pamoja kwa utaratibu ulioboreshwa. Miezi sita baada ya kuanza, takriban 90 kati ya kila 100 hawakuonekana tena na saratani mahali ilipokuwa. Nguvu ya matibabu imo katika kuungana kwake. Kemo huifanya seli ya saratani ishindwe kujijenga upya, na mionzi huipiga ikiwa katika hali hiyo ya udhaifu. Ukitenganisha viwili hivi, umeipoteza faida kubwa.

Huenda mjomba amewahi kumjua mtu wa saratani ya utumbo mpana aliyepasuliwa akapona, na huyo ndiye anayemfikiria. Saratani ya utumbo ina tabia nyingine na matibabu mengine, ingawa ziko jirani mwilini. Hata katika hii ya mamenu, kisu hakikutupwa. Uvimbe mdogo sana ulio pembeni kwenye ngozi ya nje huweza kukatwa ukaisha. Na iwapo saratani itabaki baada ya matibabu, au itarudi, upasuaji ule mkubwa ungali upo na huokoa watu. Kwa hiyo daktari aliposema hapasuliwi, hakumnyima mama matibabu makubwa akampa madogo. Alianza na lile linaloponya huku likiiacha njia yake ya asili mahali pake, akaliweka la pili akiba.

Binti yangu, sasa nikueleze mtakayoyaona, ili yasiwashtue.

Kabla ya kuanza, mama atafanyiwa picha za ndani kuona kama maradhi yamefika kwenye mitoki au mbali zaidi. Atapimwa damu, figo, na virusi vya UKIMWI. Kipimo hiki cha mwisho si tuhuma. Kila mgonjwa wa saratani hii hupimwa, maana mwenye virusi hivyo hutibiwa vile vile lakini huangaliwa kwa karibu zaidi huku akiendelea na dawa zake. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa muda wa wiki tano na nusu hivi. Kila kikao ni cha dakika chache, na mashine haiumizi inapofanya kazi. Ni kama kupigwa picha. Kemo huja kwa awamu. Kwa kawaida kuna sindano ya dawa iitwayo maitomaisini siku ya kwanza, na dawa nyingine inayoingia kwa mshipa polepole kwa siku nne katika wiki ya kwanza na tena karibu na mwisho. Baadhi ya hospitali huibadilisha hiyo ya pili kwa vidonge vya kumeza nyumbani.

Wiki mbili za mwanzo mgonjwa huweza kusema, "Mbona si kitu?" Msimwache mkadhani yamekwisha. Wiki ya tatu na kuendelea ndizo nzito. Ngozi ya kinena na ya makalio hugeuka nyekundu au nyeusi, huwasha, kisha huchubuka kama iliyoungua. Haja huwa ya kuhara na ya kukimbiliwa. Mdomo huweza kutoka vidonda, na uchovu humlaza mchana kutwa. Hapa ndipo wagonjwa wengi hutaka kukimbia, na hapa ndipo familia inapohitajika. Kukatiza matibabu katikati huipa saratani nafasi ya kuota tena. Akiumia, mwambieni daktari ampe dawa kali zaidi ya maumivu, ya kuhara na ya kupaka. Wanazo. Uamuzi wa kupumzika siku moja au mbili uwe wake, usiwe wa mgonjwa wala wa jamaa.

Nyumbani yapo mnayoyaweza. Kutawadha kwetu kwa maji ni neema katika maradhi haya: aoshe kwa maji ya vuguvugu bila kusugua, kisha akaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini. Avae dera pana na kanga kuukuu ya pamba, asivae nguo ya kubana. Asijifukize udi wala mafusho ya aina yoyote, asipake mafuta ya manukato, habasoda, siki wala dawa ya mitishamba mahali palipochomwa na mionzi. Atumie alichopewa hospitali tu. Akihara, apunguziwe maharagwe, mbaazi, pilipili na vya kukaanga. Apewe uji, wali laini, ndizi na samaki wa kuchemsha, na anywe maji mengi. Na hili mlihifadhi kwa moyo: akipata homa au kutetemeka kwa baridi, msingoje asubuhi. Kemo hushusha kinga ya damu, na homa ndogo huweza kumuua kwa usiku mmoja. Pelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na mtakapofika semeni kwanza kuwa yumo katika kemo.

Khalati asione kuwa nimemdharau. Ana mapenzi, na mapenzi hayo tuyape kazi. Asome dua, apike uji, alale na mgonjwa hospitali. Mitishamba ya kunywa aiweke kando mpaka matibabu yaishe, kwa kuwa baadhi yake huchanganyikana na kemo ikaumiza ini au figo. Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya dini yetu, na tawakali huja pamoja na kufunga kamba ya ngamia.

Matibabu yakiisha, huanza mtihani mwingine, nao ni subira. Mionzi huendelea kufanya kazi kwa miezi baada ya kikao cha mwisho. Mkiambiwa katika wiki ya kumi au ya kumi na mbili kuwa bado pana kiuvimbe, mjomba atasema: "Sikuwaambia?" Mwonyesheni ukurasa huu. Katika ule utafiti wa wagonjwa 940, waliokuwa hawajasafika kufikia wiki ya 11 walifuatiliwa, na 72 kati ya kila 100 wakaonekana wamesafika ilipofika wiki ya 26. Kama wangepelekwa kwenye kisu mapema, wangepoteza bure kile walichokwisha kukiokoa. Kungoja huku si kukaa tu: daktari humtazama na kumpima kila baada ya muda, na uvimbe ukionekana unakua, hangoji.

Yapo ya wanawake peke yetu, na hospitalini huenda yasisemwe usipouliza. Mionzi ya nyonga husimamisha kazi ya mayai. Mamako pengine amekwisha kukoma hedhi, lakini msomaji wangu aliye na miaka 35 na angali anatamani mtoto amwambie daktari kabla ya siku ya kwanza, maana baadaye haitawezekana. Asianze matibabu akiwa na mimba bila daktari kujua. Njia ya uzazi nayo huweza kukauka na kuwa nyembamba, tendo la ndoa likawa na maumivu. Kuna vifaa na mafuta maalumu vya kuizuia hali hiyo, na muuguzi wa kike ataeleza namna ya kuvitumia. Mume aelezwe, naye awe mpole. Ikiwa mke anaona haya kusema, somo wake au dada mkubwa amsemee.

Katika vipimo, mna haki ya kuomba muuguzi wa kike na jamaa wa kike awepo chumbani. Ombeni kwa adabu, aghalabu hukubaliwa. Asipopatikana, dharura ina hukumu yake, wala kipimo kisiahirishwe kwa sababu hiyo. Kuhusu ibada, asiyeweza kujizuia ana nafuu inayojulikana katika fiqhi: hujisafisha, huweka kitambaa, hutia udhu wakati wa sala unapoingia na kusali. Asiyeweza kusimama asali ameketi. Saumu ya mgonjwa hulipwa baadaye. Sheikh wa msikiti wenu atawaeleza kwa undani. Asije mama akaiacha sala kwa kudhani hana tohara, wala akaacha matibabu kwa sababu ya Ramadhani.

Nimebakiza lile ambalo hukuliandika, binti yangu, lakini nimelisoma baina ya mistari. Kwa nini mamako ameelekea ukutani? Nadhani amesikia minong'ono. Watu husikia mahali maradhi yalipo, wakajijibu wenyewe kuhusu yaliyoyaleta.

Ukweli ni huu. Sehemu kubwa sana ya saratani hizi, takriban tisa katika kila kumi, hutokana na virusi vya papiloma, HPV, hasa aina ya 16. Virusi hivyo hivyo ndivyo viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Ni virusi vya kawaida mno: watu wengi waliowahi kuoa au kuolewa huvipata wakati fulani bila kujua, na mwili wa wengi huviondoa wenyewe. Huenea kwa kugusana kwa ngozi ya sehemu za siri. Mke aliyeingia chumbani mwake bikira na asiyemjua mwanamume mwingine maisha yake yote huweza kuvipata kwa mumewe, na kutoka mbele vikafika nyuma bila tendo lolote lililoharamishwa. Huweza kulala mwilini miaka 20 au 30 kabla ya saratani kuota. Basi anayeitazama saratani hii akasoma ndani yake dhambi ya mtu, amesoma kisichoandikwa. Sura ya Hujurat imetuonya juu ya dhana na juu ya kupeleleza. Sina la kuongeza.

Na kwa kuwa chanzo chajulikana, kinga nayo yajulikana. Tangu Oktoba 2019 serikali yetu hutoa chanjo ya HPV kwa wasichana kuanzia miaka 10, na aina ya 16 ni miongoni mwa zile inazozikinga. Mama mwenye binti wa umri huo aulize katika zahanati iliyo karibu. Aliyewahi kuambiwa ana mabadiliko kwenye mlango wa kizazi asipuuze damu ya nyuma, maana hatari yake ni kubwa kidogo kuliko ya wengine. Na waume wavutao sigara wajue kuwa sigara nayo imo katika sababu.

Basi, uliniuliza umsikilize nani. Msikilize daktari, kisha mchukue mjomba uende naye kliniki kabla ya siku ya kuanza. Mwache aulize swali lake mwenyewe, na nyinyi mwongeze haya: maradhi yamefika hatua gani, mionzi itatolewa hospitali gani na mtalala wapi kwa wiki hizo zote, bima ya SHA italipia kiasi gani, na ni nani wa kupigiwa simu usiku akipata homa. Mjomba akijibiwa mbele ya macho yake, huenda akawa ndiye wa kwanza kutoa nauli.

Kisha rudi nyumbani, keti kitandani kwa mamako, upande ule wa ukuta ili akuone. Mwambie kwamba hakukosea kitu, kwamba ana ugonjwa wenye dawa, na kwamba hutamwacha aende peke yake hata siku moja.

Mwenyezi Mungu amjaalie shifaa isiyobakisha ugonjwa, yeye na wagonjwa wetu wote. Amin.